Kistari Mahali pa Baba

Nitaanza na mkosaji, asije mtu akasema nilimficha. Ni baba yangu mdogo, yule anayekaa Columbus, huku Amerika, mzee wa fimbo na koti la suti, ambaye Warundi wenzetu wakimwona kanisani wanampisha kiti cha mbele. Wakosaji wengine wapo na nitawataja kila mmoja anapofika, lakini wa kwanza ni yeye.

Askari walimchukua baba yangu mwaka wa sabini na mbili, nikiwa na miaka kama mitano. Sura yake siikumbuki. Nakumbuka magoti yake na suruali iliyokuwa na kiraka. Mama alinibeba, tukavuka na watu wengine hadi Tanzania. Baba mdogo naye alivuka, na mke wake, na binti yao mkubwa ambaye mimi na yeye tunalingana umri. Tulipofika kwenye makazi ya wakimbizi, mashamba yaligawiwa kwa kila nyumba. Baba mdogo akamwambia mwandishi wa majina kwamba mama yangu si mtu wa ukoo wao, na huyo mtoto aliyembeba hana baba. Maneno hayo mama alinisimulia mara moja tu, akiwa anachambua maharage, na hakuinua macho. Shamba lililokuwa lije kwetu likaungana na lake. Sisi tukapewa kibanda nyuma ya jiko la mjane mmoja. Binti wa baba mdogo akasoma hadi darasa la saba. Mimi niliishia la pili.

Huyo binti naye namtaja. Tulipokuwa tunachota maji alikuwa ananiita wa kuokotwa. "Wa kuokotwa, sogeza ndoo yako." Wenzake wanacheka. Alikuwa mtoto, najua, na maneno aliyatoa nyumbani kwao. Lakini masikio yaliyosikia yalikuwa yangu.

Mama alifia kambini, kabla hatujapata safari ya kuja Amerika. Mpaka mwisho alisema jambo moja: baba yako alinioa, nilitolewa nyumbani kwetu mchana, watu wakanywa pombe ya harusi, na wewe ulizaliwa ndani ya nyumba yake. Nilimwamini. Ilikuwa rahisi kumwamini kwa sababu hakuna aliyenidai karatasi.

Karatasi nilidaiwa mwaka elfu mbili na kumi na tano, nikiwa Buffalo. Tulikuwa tumehamia mtaa wa Black Rock, nyumba ya mbao yenye ngazi zinazolia, na mimi nafanya kazi mji wa jirani, Cheektowaga, kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali. Mtoto wa kiume wa baba mdogo akapiga simu kutoka Columbus. Anasema wakati wa kiangazi ukoo wote uliopo Amerika utakutana, na wanatengeneza mti wa ukoo kwenye kitambaa kikubwa, ili watoto waliozaliwa huku wajue walikotoka. Kila nyumba itume majina. Nilifurahi, sitadanganya. Nikatuma jina la baba, chini yake langu, chini yangu watoto wangu watatu.

Baada ya siku chache alinipigia mzee mwenyewe.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Binti, nimeona majina uliyotuma." "Ukoo unaandikwa kwa ushahidi. Lete cheti cha ubatizo. Kitabu cha kanisa kikisema wewe ni wa marehemu, mimi ni nani nikatae?"

Aliongea kwa upole kama mtu anayekupa njia. Nami nikamshukuru. Ndiyo, nilimshukuru, na hilo mpaka leo likinijia nikiwa kazini nasimama kidogo na shuka mkononi.

Cheti sikuwa nacho. Kadi ya kipaimara niliyopewa kwenye makazi ilikuwa na jina la mama peke yake, kwa sababu katekista alimwuliza baba mdogo, akaandika alichoambiwa. Huyo katekista naye ni mkosaji. Mama alikuwa amesimama mlangoni pale pale, angeulizwa angejibu. Basi ikabidi nitafute kule nilikobatizwa, Burundi, kwenye parokia ya zamani ya mapadri wazungu. Kanisani kwetu kuna mama mmoja ambaye kaka yake ni mwalimu karibu na huko. Nikamwomba, kaka yake akaenda, wakamfungulia kitabu, akanipigia picha na kunitumia kwenye simu.

Picha ilikuwa ya mstari mmoja. Ndivyo nilivyoomba. Sisi tuliokaa kambini tumezoea hivyo: kwenye karatasi ya chakula unaonyeshwa mstari wako, kwenye karatasi ya safari unaonyeshwa mstari wako, na ukichungulia wa jirani unafukuzwa. Nikasema nipigie mstari wangu, naye akapiga mstari wangu. Kulikuwa na namba, tarehe, jina langu la ubatizo, jina la mama. Mahali pa jina la baba palikuwa na kistari. Mwishoni neno moja, limeinamia upande kama nyasi zilizopigwa na upepo.

Nilimpelekea padri wetu wa Buffalo baada ya misa. Ni kijana, mpole, hana ubaya. Akaniambia lile neno la Kilatini maana yake ni mtoto wa nje ya ndoa. Nikauliza, na kistari? Akasema kwa kawaida kinawekwa pale ambapo baba hajulikani. Akaniambia pole mama, mbele ya Mungu watoto wote ni sawa. Nikaitikia. Nikapanda gari la mwenzangu, tukaenda kazini.

Sasa hapa ndipo na mimi nijitaje, maana siwezi kutaja wengine nikajiruka. Kuanzia siku hiyo nilimkasirikia mama. Nilikuwa nakunja mashuka na kumwuliza moyoni: ulinidanganya miaka yote hiyo kwa nini? Ile pombe ya harusi ilinywewa wapi? Nikaanza kukumbuka wanaume waliokuwa wakimsalimia kwenye makazi, mmoja baada ya mwingine, nikitafuta pua yangu kwenye nyuso zao. Picha yake iliyokuwa ukutani, ile moja tu tuliyo nayo, niliitoa nikaiweka kwenye droo ya nguo. Mwanangu wa mwisho aliniuliza, nikamwambia nataka kupaka rangi ukuta. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba ukuta haujawahi kupakwa rangi tangu tuhamie. Sikupaka. Baba mdogo sikumpigia, na majina yangu sikuyaulizia tena.

Binti yangu mkubwa anakaa Louisville. Alimfuata mume wake aliyepata kazi ya ghala huko, wana nyumba ya kupanga mtaa wa Beechmont. Majira ya kuchipua walimbatiza mtoto wao wa kwanza, nami nikaenda kwa basi. Baada ya kanisa watu walijaa sebuleni, wali na nyama ya mbuzi, na miongoni mwao alikuwemo mzee mmoja kutoka Kigoma, jirani yao wa ghorofa ya chini, anayekaa na binti yake. Alikuwa anamtania mkwe wangu. Eti mtoto ameandikwa vizuri? Kesho nitakwenda kukagua kitabu, nikikuta herufi imekosewa anabatizwa upya, na mbuzi mwingine anachinjwa. Watu walicheka. Binti yangu akaninong'oneza kwamba mzee huyu alikuwa karani wa parokia miaka mingi, kazi yake ilikuwa kunakili vitabu vya zamani vilivyoliwa na mchwa.

Nilikaa muda mrefu nikijishauri. Mwisho nikamfuata kwenye kiti chake, nikamwonyesha simu. Nilimwambia ni ya mtu ninayemfahamu.

Alivaa miwani. Akaivuta picha kushoto, akaivuta kulia, akaipandisha, akaishusha.

"Ukurasa uko wapi?"

"Ndio huo, mzee."

"Huu ni mstari. Mimi mstari mmoja sisomi, mama. Ni kama kumsikiliza mtu neno moja ukasema unajua alichosema."

Kisha akaniuliza kama wazazi wa huyo mtu walifunga ndoa kanisani. Nikasema hapana, waliozana kimila, walikuwa bado kwenye mafundisho ya ndoa. Nadhani sauti yangu ilimwambia huyo mtu ni nani, kwa sababu alianza kuniita binti yangu. Akanieleza polepole. Kwa mapadri wa wakati ule, ndoa ya kimila haikuwa ndoa. Hata kama mahari ilitolewa, hata kama ukoo mzima ulicheza ngoma siku tatu, mtoto aliandikwa wa nje. Na sheria ya kanisa ilimkataza padri kuandika jina la baba wa mtoto wa namna hiyo mpaka baba mwenyewe aje kwa hiari yake, aombe, mbele ya mashahidi wawili. Asipokuja, panapigwa kistari. Padri hakuwa anasema kwamba baba hajulikani. Mara nyingi baba alikuwa amekaa nje ya kanisa pale pale, kofia mkononi.

"Kwa hiyo ni baba yangu," nikasema.

"Sijasema hivyo." Akavua miwani. "Nimesema kistari hakijasema kitu. Wewe umekisikia kikisema. Agiza ukurasa mzima, na pambizo zake, kule pembeni kabisa. Walikuwa wakirekebisha, wanaandika pembeni."

Nilirudi Buffalo. Yule mama wa kanisani nilimsumbua, kaka yake akasumbuka, parokia ilikuwa imefungwa, mara mwenye ufunguo amesafiri. Wiki zikapita. Picha ilinifikia saa ya mapumziko, nimekaa nyuma ya kiwanda na chakula changu. Herufi zilikuwa ndogo mno kwangu. Nikaituma Louisville, nikarudi ndani kukunja, na simu ikaita nikiwa katikati ya kazi. Msimamizi aliniangalia. Nikaingia kwenye chumba cha mashuka machafu, nikaipokea.

Mzee alikuwa ameisoma yote. Akasema siku ile walibatizwa watoto kumi na mmoja. Tisa kati yao wana kistari na lile neno.

"Tisa?"

"Tisa. Kijiji kizima hakiwezi kuwa hakijui baba zao. Ni kwamba wazazi walikuwa bado kufunga ndoa, basi. Sasa angalia mistari miwili juu yako. Kuna mtoto wa kike."

Akataja jina la ubatizo la yule mtoto, na jina la mama yake. Alikuwa binti wa baba mdogo. Wa kuokotwa, sogeza ndoo yako.

Mzee akaendelea, kwake hilo lilikuwa jina tu. Huyu, anasema, alikuwa na kistari kama wewe, ila pambizoni kuna maandishi ya wino mwingine, ya mwaka mmoja kabla hamjakimbia. Wazazi wake walifunga ndoa kanisani, baba akaja akaomba aandikwe, mtoto akahesabiwa wa ndoa. Mashahidi wawili. Akamsoma shahidi wa kwanza, jina la ubatizo, kisha jina la Kirundi.

Nikamwomba arudie.

Akarudia. Halafu akauliza, "Unamfahamu?"

"Ni baba yangu."

Nilikaa juu ya magunia ya mashuka. Jina la baba nilikuwa nimelisikia kwa mdomo wa mama tu, na mimi mwenyewe nimeliandika kwenye fomu nyingi za watu wa wakimbizi bila kuwa na pa kulinakili. Sijawahi kuliona limeandikwa na mtu aliyekuwa amemwona. Na lilikuwepo miaka yote hiyo, kwenye mstari wa mtoto mwingine. Alikwenda kumsimamia mdogo wake ili binti wa mdogo wake awe na baba. Mama alikuwa amewahi kuniambia kwamba wao walipanga kufunga baada ya mavuno. Nilidhani ni hadithi za kumfariji mtoto.

Mzee alinisikiliza. Mwisho akasema, "Binti yangu, tofauti yako na huyo mwenzako ni kwamba baba yake aliishi." Nilirudi kwenye meza yangu, na jioni nilipofika nyumbani niliitoa picha ya mama kwenye droo.

Baba mdogo alijua. Hilo ndilo nililoondoka nalo. Alisimama mwenyewe mbele ya padri, akajua kistari maana yake nini na kinaondolewa vipi, na aliyemsindikiza ni kaka yake. Mwaka mmoja baadaye akasema mtoto wa huyo kaka yake hana baba, na uzeeni akakigeuza kistari kuwa ushahidi juu yake. Wengine walikosea kwa uvivu au kwa kutokujua. Yeye alijua.

Kiangazi kilipofika nilikwenda Columbus. Binti yangu alikuja kutoka Louisville, wanangu wawili wakanipeleka kwa gari kutoka Buffalo, na ule ukurasa nilikuwa nimeuchapisha maktaba kwenye karatasi kubwa. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilitaka nisimame mbele ya watu wote nisome: huyu hapa, binti wa mzee wa ukoo, mtoto wa nje ya ndoa kama mimi. Nilitaka nimwone yeye akiangalia chini.

Ukumbi ulikuwa wa kanisa. Kitambaa kimetundikwa mbele, mti umechorwa vizuri na majina kwenye matawi. Tawi la baba yangu lilikuwepo, halina jani. Nikapita hadi jikoni kumtafuta yule binti. Nilimkuta amefunga kanga, anakata kabichi, mwanamke mnene mwenye mvi kama zangu. Miaka saba hatujaonana. Aliponiona akafuta mikono, akanikumbatia kabla sijasema kitu, akasema nimekonda, huko Buffalo theluji inanila. Maneno niliyopanga yakawa mazito. Nikampa karatasi tu.

Aliisoma. Darasa la saba lake lilitosha kwa majina, na yale ya Kilatini nilimwonyesha kwa kidole kama mzee alivyonionyesha. Mstari wake, mstari wangu. Kistari, kistari. Pambizo.

"Hata mimi?" akauliza.

"Hata wewe."

"Na huyu shahidi ni baba mkubwa." Alikaa kwenye kreti la soda. Akasema, "Mimi nilikuwa nakuita jina baya." Nikasema nakumbuka. Hakuomba msamaha wala sikumpa. Akachukua kisu akaendelea na kabichi, na karatasi akaiweka kwenye mfuko wa kanga kiunoni bila kuniuliza.

Chakula kilipokaribia, mzee alisimama na fimbo yake, akaanza kuusoma mti kwa watoto. Babu fulani alizaa fulani. Alipofika kwa baba yangu akavua kofia. Akasema huyu ni kaka yangu mkubwa, aliuawa, Mungu amrehemu, hakuacha mtoto.

"Baba, umeruka mtu."

Ilikuwa sauti ya binti yake, kutoka mlango wa jikoni. Watu waligeuka.

"Nimesoma kama kitabu cha kanisa kilivyo," mzee akasema. "Mwenzio aliambiwa alete cheti, hakuleta."

"Kimeletwa. Ninacho hapa. Na mimi nimo humo, nina kistari kama chake. Kama yeye anatoka, na mimi nitoe."

Mzee akauliza ni nani anapeleka makaratasi jikoni kwa wanawake. Hakuna aliyecheka. Akasema aliyeandika kule kwenye makazi ni katekista, muulizeni katekista, ambaye kila mtu alijua amekufa. Nilikuwa nimesimama karibu na meza ya sahani.

"Baba mdogo, ulipokwenda kumwandikisha huyu dada yangu, shahidi wako wa kwanza alikuwa nani?"

Aliniangalia. Nadhani alikuwa anatafuta jibu lingine. Kisha akalitaja jina la baba yangu. Alilitaja taratibu, yote mawili, la ubatizo na la Kirundi, akakaa chini. Zaidi ya hapo hakusema neno, siku ile wala baadaye. Hajaniomba radhi. Nami sijamsamehe, na wanaoniambia nisamehe nawauliza kama waliwahi kulala nyuma ya jiko la mtu wakati shamba la baba yao linalimwa na mwingine.

Dada yangu alichukua kalamu nene kwa kaka yake, akavuta kiti, akapanda mbele ya kitambaa na mikono yake inanuka kabichi. Aliandika jina langu chini ya jina la baba. Mwandiko ulikwenda mteremko. Akaniuliza majina ya watoto wangu kwa kufuata umri, wakamjibu wenyewe kutoka nyuma, na yule mdogo akamsahihisha kwa Kiingereza. Mti wote ulikuwa wa wanaume na watoto wao, wake hawakuandikwa. Kabla hajashuka akageuka, akaniuliza kama kuna kingine.

Nikamtajia jina la mama. Akaniomba nirudie polepole, akaliandika kando ya la baba, kubwa kuliko yote aliyoandika.